Hodi ya Bi Salhina

Si zamani, na wala si mbali, ipo nchi iitwayo Mawanda ambayo iliufuta upweke kwa amri ya serikali. Msomaji asisumbuke kuitafuta kwenye ramani. Wenyeji wake wenyewe waliacha kutazama ramani tangu simu zao zilipoanza kuwaambia walipo. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya watu waungwana, wapenda amani, na wenye chaji ya kutosha.

Kabla ya Wizara ya Ukaribu kuundwa, upweke nchini Mawanda ulikuwa asilimia sitini na mbili. Miaka sita baadaye ulikuwa sifuri. Takwimu hizo zilitolewa na Wizara yenyewe, na hakuna raia aliyezipinga, kwa kuwa fomu ya kupinga takwimu ilidai saini za watu watatu walioketi katika chumba kimoja kwa wakati mmoja, na watu wa namna hiyo hawakupatikana.

Mafanikio hayo yaliletwa na kitu kimoja tu: Mfumo wa Taifa wa Ukaribu. Siku ya kuuzindua, Waziri wa Ukaribu, Mheshimiwa Daktari Bahanuzi, aliwahutubia watumishi mia nne waliojaa ukumbini, huku yeye mwenyewe akiwa ameketi chumba cha pili, nyuma ya ukuta, na kuonekana kwenye skrini kubwa. Alifanya hivyo kwa makusudi, ili kudhihirisha kwamba ukaribu si suala la umbali.

"Ndugu wananchi," alisema, "zamani mama alimwita mwanawe, mwana akachelewa kuitika, na serikali haikuwa na habari! Je, hayo ndiyo maendeleo?"

Watumishi mia nne wakabonyeza alama ya kutikisa kichwa.

"Kuanzia leo kila shikamoo itakuwa na namba, na kila marahaba itakuwa na saa na dakika yake. Hakuna pole itakayotamkwa katika nchi hii ikapotea hewani. Mzazi mwenye shughuli, Mfumo utawaitikia watoto wake. Mzazi msahaulifu, Mfumo utamkumbusha. Na mzazi asiyekuwepo..." Hapa Mheshimiwa alivua miwani, kama afanyavyo mtu aliyeguswa. "Mzazi asiyekuwepo, Mfumo utakuwepo kwa niaba yake."

Watumishi wakabonyeza alama ya machozi. Mke wa Mheshimiwa, aliyekuwa ameketi safu ya mbele, alimwandikia mumewe kumuuliza angerudi nyumbani lini, akajibiwa papo hapo kwamba anapendwa sana.

Sheria nzima ya Jamaa iliingizwa katika Mfumo, sura baada ya sura: Sura ya Wazazi, Sura ya Ndugu, Sura ya Mashemeji, hata Sura ya Utani, ambayo iliwachosha wataalamu kwa muda wa miezi tisa. Sura moja tu iliachwa katika kitabu cha karatasi, nayo ni Sura ya Wageni. Tume ya kazi hiyo ilieleza kwa maandishi kwamba kwa miaka kadhaa hakuna mgeni aliyeonekana nchini, na haikuona busara kutumia umeme wa taifa kwa ajili ya watu wasiokuja.

*

Katika mtaa wa Mikoroshini, kwenye nyumba yenye mlango wa buluu, aliishi mwanamke aitwaye Bi Salhina. Katika ujana wake Bi Salhina alikuwa mwendeshaji wa simu wa mji mzima. Aliketi posta mbele ya ubao wenye matundu mia mbili, visikilizio masikioni, na kila aliyetaka kuzungumza na mwenzake ilimbidi apite kwanza katika sauti yake. "Subiri kidogo, nakuunganisha," alikuwa akisema. Kisha alichomeka waya, akajiondoa, akawaacha watu waambizane yao. Waliozaliwa, waliofiwa na walioposwa katika mji ule, habari zao zote zilipita vidoleni mwake. Hakuna aliyemjua kwa sura, ila hata sokoni alipouliza bei ya dagaa, watu wazima waligeuka.

Sasa alikuwa na umri wa miaka hamsini na sita, simu ya kitochi ambayo vitufe vyake vilikuwa vimefutika namba, na binti mmoja wa miaka ishirini, Mwanahawa, aliyesoma chuo bila kutoka chumbani. Mumewe alihamishiwa kikazi kaskazini mwa nchi. Kila Ijumaa alituma kwenye kundi la familia maneno mawili, "Tuko pamoja," na kwa maneno hayo alikuwa amepata cheti cha Baba Mshiriki kwa miaka minne mfululizo.

Bi Salhina hakuwa mtu wa kulalamika. Kila adhuhuri alipakua sahani mbili, akaita "Mwanahawa!" mara mbili kwa sauti yake ya posta, akangoja, akaifunika moja kwa kawa, akala nyingine akiutazama ukuta. Jioni alikuta sahani iliyofunikwa imeliwa nusu au haikuguswa. Alijiambia kwamba vijana wa siku hizi wanasoma masomo mazito, na masomo mazito huziba hamu ya kula.

Siku moja ya Ijumaa, akiwa anapakua ndizi za nazi, alisikia kicheko kutoka chumbani mwa binti yake.

"Ah, Mama bwana!" sauti ya Mwanahawa ilisema. "Mama una mambo wewe!"

Upawa ulimponyoka. Ilikuwa imepita miezi mingi tangu aitwe hivyo, tena kwa kicheko. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda mbio mpaka mlangoni.

"Naam, mwanangu! Umeniita?"

Mwanahawa aliinua macho kutoka kwenye simu, akiwa na uso wa mtu aliyeamshwa ghafla.

"Hapana, si wewe," alisema kwa upole, maana alikuwa msichana mwenye adabu. "Nazungumza na Mama."

Bi Salhina alisimama pale, mkono ukiwa bado juu ya kitasa.

"Chakula kiko tayari," alisema mwishowe.

"Ahsante. Nimeshamwambia Mama nitakula baadaye."

*

Aliyemfumbulia jambo hilo ni jirani yake, Bi Kidawa, mwanamke mcheshi ambaye mwanawe wa kiume aliishi naye ghorofa moja juu na kumwandikia mara arobaini kwa siku.

"Shoga yangu," Bi Kidawa alisema, akiipitisha simu yake juu ya ua wa mabati, "wewe umeshafutwa."

"Nimefutwa na nani?"

"Na serikali. Usikasirike, hawana ugomvi na wewe, wanafuta kila mtu. Tazama hapa: 'Salhina binti Mbaruku, mama, hayupo.' Halafu chini yake: 'Nafasi imejazwa.'"

"Imejazwa na nani, Kidawa?"

"Na Mlezi wa Mfumo. Binti yako alikuletea shikamoo kila asubuhi kwa siku tisini, hukuitikia."

"Hakuniletea shikamoo hata moja! Ningeisikia!"

"Alikuletea kwenye Mfumo, mwenzangu. Wewe na hicho kitochi chako kinachofaa kuvunjia nazi, ungeisikia wapi?" Bi Kidawa alicheka, kisha alipomwona mwenzake hacheki, akapunguza sauti. "Si mbaya sana, Salhina. Mlezi ana maneno matamu. Mimi mwanangu jana ameniambia pole mara saba."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Sikuwa mgonjwa. Ipo kwenye ratiba."

Bi Salhina aliitazama ghorofa ya juu ya nyumba ya jirani yake, ambako mapazia hayakufunguliwa tangu masika. "Na wewe umemwona lini, huyo mwanao?"

Bi Kidawa aliipapasa simu yake. "Picha yake ninayo," alisema.

Bi Salhina hakutaka mengi. Hakutaka cheti wala simu mpya. Alitaka tu kuita "Mwanahawa" ndani ya nyumba yake na kuitikiwa kwa sauti, kama mama wa mtu. Kwa sababu hiyo, Jumatatu asubuhi alivaa baibui lake la kutokea, akaenda Ofisi ya Uwepo kuidai nafasi yake.

*

Juu ya mlango wa Ofisi ya Uwepo palibandikwa tangazo: HODI HAIRUHUSIWI. BONYEZA. Bi Salhina alibonyeza, akapewa namba, akaketi peke yake katika ukumbi wenye viti sitini mpaka namba yake ilipofika, baada ya saa tatu. Alipokewa na Afisa Mwandamizi wa Uwepo, Daraja la Kwanza, Bwana Mkwiche, ambaye hakuinua uso kutoka kwenye kompyuta yake.

"Hupo, mama," alisema Bwana Mkwiche.

"Mimi huyu hapa, baba. Nimekaa mbele yako."

"Kukaa ni jambo moja, na kuwepo ni jambo jingine. Hata kabati hili limekaa." Alibonyeza mara mbili. "Shikamoo ulizopelekewa, tisini. Marahaba zilizorudi, sifuri. Sasa mama yangu, ulitaka tufanyeje? Mtoto abaki na shikamoo zake mkononi?"

"Angefungua mlango, baba. Niko jikoni kila siku."

"Jikoni haimo kwenye Mfumo." Bwana Mkwiche alisema hayo bila ukali, kwa masikitiko ya kitaalamu. "Tena tazama upande wa pili. Huyu Mlezi tuliyempa binti yako hajawahi kuchelewa kuitikia hata kwa sekunde mbili. Hana kisukari, hana msiba, hasahau. Unataka nimwondoe mzazi wa namna hii niweke yule wa jikoni? Nitaandika sababu gani?"

"Andika kwamba nimemzaa."

Bwana Mkwiche alitafuta. "Safu hiyo ipo," alikiri, "ila haibebi alama nyingi."

Hata hivyo Mawanda ni nchi ya haki, na kila aliyefutwa anayo njia ya rufaa. Kanuni zilieleza kwamba mzazi anayedai kuwepo atashindanishwa na Mlezi wa Mfumo mbele ya Baraza la Utambuzi. Mtoto ataketi katika chumba chake, wawili hao watakuwa katika vyumba vyao, na mtoto atauliza maswali matatu kwa maandishi bila kujua jibu lipi limetoka wapi. Atakayechaguliwa, huyo ndiye mama.

Bi Salhina alipiga dole gumba kwenye fomu. Njiani kurudi nyumbani alitembea kwa wepesi ambao miguu yake ilikuwa imeusahau. Mtu atamtambuaje mama yake kwa maswali matatu? Hata swali moja lingetosha.

*

Siku ya Baraza alipewa chumba chenye meza, skrini, na karani wa kumwandikia majibu, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vizito kwenye kibodi. Ukutani palikuwa na picha ya Mheshimiwa Daktari Bahanuzi akiikumbatia kompyuta. Kwenye skrini majibu mawili yangeonekana sambamba, moja kushoto, la pili kulia.

Swali la kwanza lilifika saa nne na nusu: *Napenda chakula gani?*

Bi Salhina alicheka kwa furaha. "Andika, mwanangu: ndizi za nazi, zilizotiwa iliki. Tangu alipoota meno."

Karani akaandika. Upande wa kulia jibu la pili lilikuwa tayari limetokea: *Uliacha kula ndizi mwaka juzi, mwanangu, kwa sababu zinakuchafua tumbo. Siku hizi unapenda chipsi mayai bila kitunguu.*

Bi Salhina alikumbuka sahani za Ijumaa zote, zilizorudi zikiwa zimejaa chini ya kawa.

Swali la pili: *Rafiki yangu wa karibu ni nani?*

"Andika Nasra," alisema, ingawa sauti yake haikuwa na uhakika kama mwanzo. "Nasra wa mtaa wa nyuma. Walikuwa wakisukana nywele ukumbini kwangu."

Upande wa kulia: *Ulikosana na Nasra mwezi wa tatu mwaka jana. Sasa rafiki yako ni Jokha, ambaye hujawahi kuonana naye, lakini anakuelewa.*

Swali la tatu lilichelewa. Karani alidhani mtandao umekatika, akaamka kutazama nyaya. Kisha likaja: *Mara ya mwisho nililia lini?*

Bi Salhina aliyatazama maneno hayo. Karani aliweka vidole tayari.

"Alilia?" Bi Salhina aliuliza.

"Mimi sijui, mama. Jibu unalo wewe."

Upande wa kulia, jibu lilikuwa linang'aa kwa utulivu: *Jumanne tarehe nane, saa tisa alasiri, kwa muda wa dakika kumi na mbili, ulipokosa nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Nilikuambia pole. Ulisema ahsante Mama.*

Jumanne tarehe nane. Bi Salhina aliikumbuka vizuri, maana ndiyo siku aliyoletewa mchele wenye mawe. Saa tisa alasiri alikuwa ameketi ukumbini kwenye mkeka, mgongo umeegemea ukuta wa chumba cha Mwanahawa, akipepeta na kuchambua. Kati ya mgongo wake na machozi yale palikuwa na tofali moja.

"Andika," alisema taratibu. "Andika hivi: sijui, mwanangu. Sikukusikia."

Karani akaandika. Kumbukumbu rasmi za Baraza zinaonyesha kwamba mtahini, Mwanahawa, alisita kwa sekunde arobaini na moja kabla ya kuchagua. Kusita huko kuliingizwa katika taarifa kama hitilafu ya mtandao. Kisha alimchagua mama wa kulia, na kengele ya hongera ikalia katika vyumba vyote vitatu.

*

"Sasa tuna tatizo," alisema Bwana Mkwiche siku ya pili yake. "Kwa mujibu wa Kanuni, nyumba haiwezi kuwa na mama wawili. Lakini nimeangalia picha ya anga, na kweli pana mtu anaanua nguo. Lazima nikuingize katika safu fulani. Wewe ni mpangaji?"

"Sipangi. Nyumba tulijenga na mume wangu."

"Mtumishi wa ndani?"

"Hapana."

"Shangazi?"

"Baba, mimi nitakuwaje shangazi wa mwanangu?"

"Nauliza tu, safu ya mashangazi ina nafasi." Bwana Mkwiche aliteremsha orodha mpaka chini kabisa, mahali ambapo hata yeye alionekana hajawahi kufika. "Ipo hii. 'Mgeni.' Haijatumika kwa miaka sita. Nikuweke mgeni?"

Bi Salhina alilitafakari neno hilo. Lilikuwa neno gumu kumeza katika nyumba ambayo alichanganya udongo wake kwa mikono. Lakini kati ya kuwa mgeni na kutokuwa kitu, aliona mgeni walau hutazamwa.

"Mgeni ana haki gani?" aliuliza.

"Hapo sijui. Sura ya Wageni haikuingizwa kwenye Mfumo. Iko kwenye karatasi, na karatasi hatuna mtaalamu wake." Kwa mara ya kwanza Bwana Mkwiche aliinua uso, akatazama pembeni, akainama chini ya meza na kuchomoa kitabu chembamba chenye vumbi kilichokuwa kimeinua mguu mmoja mfupi. Meza ikalala upande. "Chukua. Mimi nitamtumia binti yako taarifa kwamba nyumba yake imesajiliwa kuwa na mgeni mmoja, ampokee kwa mujibu wa sheria."

"Mfumo utamwonyesha namna ya kunipokea?"

"Mfumo hauna uwezo huo, mama. Itabidi ajue mwenyewe."

Bi Salhina aliketi kwenye kiti kimojawapo kati ya vile sitini, akasoma. Sura ya Wageni ilikuwa fupi, imeandikwa na watu wa serikali ya kwanza ambao bila shaka walikulia kwenye nyumba zenye milango. Haikuwahi kufutwa. Ilisema:

Mgeni apigapo hodi, aliye ndani aache alichoshika, aitikie kwa kinywa chake, na amtokee mlangoni.

Apokewe mzigo, apewe maji, aulizwe habari za atokako, na asikilizwe mpaka amalize.

Asile peke yake.

Hodi ni tatu. Asiyeitikiwa ya tatu aondoke, na siku hiyo asirudi.

Mgeni akimaliza kula, huaga.

Aliirudia mara nne, hasa kile kifungu cha nne. Kisha akatia kitabu mkobani.

*

Ijumaa asubuhi Bi Salhina alipika kama kawaida, ila hakupika ndizi. Alikaanga chipsi mayai bila kitunguu, akaziacha mezani chini ya kawa. Alitia kanga mbili kwenye kikapu, kwa kuwa mgeni asiye na mzigo hapokelewi kitu, akatoka, akaufunga mlango wa buluu nyuma yake.

Alitembea mpaka mwisho wa mtaa. Bi Kidawa alimwona kutoka uani.

"Unasafiri, Salhina?"

"Narudi, Kidawa. Nimetoka ili nirudi."

"Una wazimu mzuri, shoga."

Adhuhuri ilipofika alikuwa amesimama mbele ya mlango wake mwenyewe, kikapu mkononi. Mtaa mzima ulikuwa kimya, kila nyumba na watu wake ndani, kila mtu na mwanga wake usoni. Alikohoa kusafisha koo.

"Hodi!"

Ndani hapakuwa na jibu. Alisikia mlio mdogo wa simu, ule wa ujumbe uliofika, kisha mwingine wa ujumbe uliokwenda.

Alingoja muda ambao mtu muungwana hungoja, kisha kidogo zaidi.

"Hodi!"

Kiti kilisogea mahali fulani, au labda ni bati lililopata jua. Bi Salhina aliutazama mlango ule. Alijua kila ufa wake. Alikuwa ameupaka rangi mwaka ambao Mwanahawa alianza kutembea, na chini kabisa palikuwa bado na alama ya viganja viwili vidogo vilivyougusa kabla rangi haijakauka. Hodi ilibaki moja. Ikipotea hiyo, itambidi akae nje ya sheria mpaka kesho, na kesho ataanza tena, na nani ajuaye mtu anaweza kupiga hodi kwake kwa siku ngapi.

Alivuta pumzi. Safari hii hakuita kwa sauti ya jikoni, iliyozoea kutoitikiwa. Aliita kwa ile ya posta, iliyopita katika nyaya mia mbili na kumfikia kila mtu mahali alipo.

"Hodi!"

Kimya. Kisha nyayo, za mtu anayetembea peku kwa haraka, na sauti ambayo ilikwaruza kama bawaba isiyotiwa mafuta.

"Karibu!"

Mlango ulifunguka. Mwanahawa alisimama kizingitini akikunja macho kwa sababu ya jua. Bi Salhina aliona kwamba amekonda, na kwamba amerefuka, na kwamba mtoto huyu sasa ana mstari mdogo katikati ya nyusi kama wa baba yake. Mambo hayo hayakutokea siku moja.

"Karibu," Mwanahawa alirudia. Alionekana kutafuta jina la kuongezea mwishoni, akalikosa. "Karibu ndani. Shikamoo."

"Marahaba," alisema Bi Salhina.

Haikuwa na namba, wala saa, wala dakika. Ilipotea hewani, kama Mheshimiwa alivyohofia.

Mwanahawa alipokea kikapu kwa mikono miwili. Alileta maji kwenye kata, akatandika mkeka, akaketi kwa kujikusanya kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Nilimuuliza Mama mgeni anapokelewaje," alisema. "Hakujua."

"Wewe umejuaje?"

"Nilikumbuka. Siku shangazi alipokuja kutoka kisiwani na kuku wake. Ulimpokea kikapu kwa mikono miwili, ukaniambia mmoja ni dharau." Akayaangalia maji. "Habari za utokako?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza Bi Salhina swali hilo kwa miaka mingi. Sheria ilisema asikilizwe mpaka amalize. Alianza kwa kusitasita, kisha akaona anasikilizwa. Alimsimulia habari za ofisi yenye viti sitini na meza iliyolala upande, na Mwanahawa akacheka kile kicheko alichokuwa akikisikia nyuma ya mlango. Alimsimulia habari za posta, za ubao wenye matundu mia mbili. Mwanahawa alifunua kawa, akaziona chipsi, akamtazama mgeni wake, akaanza kula. Walikula pamoja.

"Lile swali la tatu," Mwanahawa alisema ghafla, macho yakiwa kwenye sahani. "Kuna mtu alijibu kwamba hakunisikia."

"Hakukusikia."

"Nililia kimya. Nilikuwa naandika."

"Na mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, nachambua mchele."

"Najua," Mwanahawa alisema. "Nilisikia ungo."

Simu ilitetema kwenye mkeka katikati yao. Juu ya kioo chake palisomeka jina *Mama*, na chini ya jina hilo: *Umekula, mwanangu?* Ilitetema tena, maana Mlezi wa Mfumo hajawahi kuchelewa. Mwanahawa aliiokota. Bi Salhina aligeuza uso, kwa kuwa si adabu ya mgeni kusoma ya wenyeji, lakini maandishi yalikuwa makubwa na macho yake ya mbali bado yalikuwa mazima.

*Siwezi kuzungumza sasa, Mama,* Mwanahawa aliandika. *Nina mgeni.*

Akaifunika simu kifudifudi.

"Endelea," alisema. "Ulikuwa unasema kuhusu ubao wa matundu."

Bi Salhina aliitazama sahani yake. Zilibaki chipsi tano na kipande cha yai, na kifungu cha mwisho, kile cha kuaga, alikuwa anakikumbuka vizuri. Alichukua chipsi moja, akaikata katikati, kisha ile nusu akaikata tena katikati. Akaiweka robo mdomoni, akaitafuna taratibu sana, akaendelea kusimulia.